Usimamizi wa jadi wa uvuvi wa pwani ni nini?

Ni utaratibu ambao watu wanaoishi kando ya bahari hujiwekea wenyewe: nani avue, wapi, msimu gani na kwa zana zipi. Kanuni zake aghalabu hazijaandikwa popote. Zimo vichwani mwa wazee, wakuu wa koo na wavuvi, na anayezivunja huanza kuulizwa na jirani zake kabla serikali haijapata habari.

Wengi hudhani msingi wa mambo haya ni miko na matambiko. Miko ipo, ila msingi hasa ni haki ya kumkatalia mtu. Ukimwacha samaki mdogo leo ili akue, na kesho mgeni akaja kumvua bila kuulizwa, hutamwacha tena. Mwaka 1968 mwanaikolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa, kwa kuwa kila mmoja hukimbilia kuchukua chake. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano mingi kwamba watu wanaojuana, wenye eneo linalojulikana mipaka yake, wanaweza kuitunza mali hiyo wakapeana zamu.

Mfano wake mmoja ni Alanya, Uturuki. Kila Septemba wavuvi wa pale walipiga kura ya bahati kugawana maeneo ya kutegea nyavu, yaliyoachana kiasi cha wavu mmoja kutouzibia mwingine samaki. Kisha kila siku kila mvuvi alihamia eneo linalofuata upande wa mashariki. Ikifika Januari, mwendo ukageuzwa kuelekea magharibi, kwa sababu samaki nao hugeuza njia. Kila mtu akapata zamu yake mahali pazuri na pabaya. Hapakuhitajika mlinzi: anayestahili eneo zuri siku hiyo huwahi alfajiri, na akimkuta mwingine, wenzake wote wako upande wake. Mpango huu ulibuniwa miaka ya 1970, kwa hiyo si lazima jadi iwe ya kale sana.

Njia inayojulikana zaidi ni kufunga eneo kwa muda. Katika bahari ya Pasifiki, watu wa visiwa vya Palau huiita bul, na wa Visiwa vya Cook huiita ra'ui. Huko Maluku, Indonesia, huitwa sasi, na walinzi wake ni kewang. Wakuu wa jadi wa Palau wamewahi kufunga mifereji ya miamba ambako chewa hukusanyika kutaga mayai. Hapo pana hekima kubwa, maana chewa waliokusanyika ni rahisi kuvuliwa wakamalizwa kwa siku chache, na wavuvi walizijua siku hizo kwa kuutazama mwezi.

Kwa pweza matokeo huonekana haraka zaidi, kwa kuwa hukua upesi na huishi takriban mwaka mmoja tu. Kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji wa Andavadoaka walifunga sehemu ya miamba yao mwishoni mwa 2004 kwa miezi saba. Pweza waliovuliwa ilipofunguliwa walikuwa wakubwa zaidi, na vijiji jirani vikaiga. Kanuni zao hupitishwa kama dina, makubaliano ya kijiji ambayo sheria ya nchi inayatambua.

Kutambuliwa huko ni jambo zito, kwani mzee wa kijiji hana uwezo wa kuifukuza meli ya kukokota nyavu. Kenya, kwa mfano, iliweka kanuni mwaka 2007 za kuvitambua vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU.

Utaratibu huu una mapungufu yake. Hausaidii sana kwa jodari, anayepita bahari za nchi nyingi. Siku ya kufungua, watu wakivamia mwamba bila mpango, faida ya miezi huisha ndani ya siku chache. Na vikao vya wazee mara nyingi huwa vya wanaume, ilhali wanaookota pweza na chaza maji yakipwa ni wanawake wengi. Mwamba ukifungwa, wao ndio wa kwanza kukosa kitoweo.