Tuleteeni mswada uliokubaliwa, si PDF ya jarida

Kila Oktoba, Wiki ya Kimataifa ya Ufikiaji Huria (yaani utafiti kusomwa na yeyote bila kulipa) inapokaribia, watafiti hukumbuka kwamba chuo kina hifadhi ya kidijitali na wanaanza kutuletea makala zao. Tunashukuru sana. Ila malalamiko kwamba "maktaba inakwamisha machapisho" yamekuwa mengi, na kwa kuwa mafaili hayo yanapitia mikononi mwangu, nimeona heri nieleze yanakwama wapi.

Nafungua faili. Juu kuna nembo ya mchapishaji, kurasa zinaanzia 217, chini kabisa kuna mstari wa herufi ndogo: haki zote zimehifadhiwa. Namrudishia mwenyewe, naye anakuja juu: utafiti nimefanya mimi, makala nimeandika mimi, leo nikatazwe kuiweka? Jibu liko kwenye mkataba aliotia saini siku makala ilipokubaliwa. Majarida mengi ambayo msomaji hulipia humtaka mwandishi ayakabidhi hakimiliki, au ayape leseni ya kuchapisha peke yao. Watu husaini bila kusoma, na hao hao ndio wanaowarudishia wanafunzi tasnifu kwa sababu ya koma.

Hata hivyo, majarida mengi ya aina hiyo humruhusu mwandishi kuweka mswada uliokubaliwa. Huo ni mswada uliokwisha kurekebishwa kwa maoni ya wahakiki na kukubaliwa na mhariri, lakini bado haujapangwa kurasa na mchapishaji. Ni faili la Word au LaTeX ulilomtumia mhariri mara ya mwisho, kabla ya kuletewa prufu, yaani kurasa zilizopangwa ili uzikague. Litafute kwenye barua pepe, siku chache au wiki chache kabla ya ile barua ya pongezi. Kwenye kompyuta za wengi kuna "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa 2". Tunalolitaka kwa kawaida ni hilo la tatu, likiwa limeondolewa maoni ya pembeni na alama za masahihisho. Tumewahi kupokea mswada ambamo waandishi wawili walikuwa bado wanagombana pembeni mwa jedwali.

Ukishalipata, ingia kwenye akaunti yako ya hifadhi, jaza kichwa cha makala, majina ya waandishi wote kwa mpangilio ule ule wa jarida, ISSN (namba ya utambulisho ya jarida), tarehe ya kukubaliwa, na DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) kama imeshatolewa. Usiache ISSN wazi, maana ndiyo tunayotumia kuangalia sera ya jarida kwenye hifadhidata ya Open policy finder (zamani Sherpa Romeo). Kisha pakia faili na uchague leseni ambayo jarida linairuhusu. Waarifu waandishi wenzako kabla, si baada. Picha au ramani uliyoichukua kwa mtu mwingine inahitaji kibali chake cha maandishi. Kibali ulichopewa kwa ajili ya jarida huenda kisihusu hifadhi.

Jarida likiweka kipindi cha kusubiri, tuseme miezi 12, tunalipokea faili na kulifunga. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, itasomeka, na faili litafunguka lenyewe muda ukifika. Miezi huhesabiwa kuanzia tarehe ya kuchapishwa, si siku uliyopakia, kwa hiyo kukaa na mswada mwaka mzima "ili muda uishe" hakukuongezei kitu. Angalia pia masharti ya mfadhili. Sera ya NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu 2008, iliruhusu kusubiri hadi miezi 12. Kwa makala zilizokubaliwa kuanzia 1 Julai 2025, kusubiri huko kumeondolewa. Sharti la mfadhili na la jarida likigongana, tuulize kabla ya kusaini. Ukishasaini, tunabaki na njia chache za kukusaidia.

Mchapishaji akituandikia kulalamika, faili linaondolewa kwanza, maswali baadaye. Taarifa za makala hubaki na sababu ya kuondolewa huonyeshwa. Anayepakia tena toleo lile lile hufungiwa ruhusa ya kupakia moja kwa moja, na kila faili lake husubiri mkutubi alikague. Maelezo haya, bila shaka, hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Wengine hutuambia mambo haya ni mageni, tusubiri yatulie. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya miswada ya kisayansi, ilianza 1991. Tamko la Budapest la kutaka ufikiaji huria lilitolewa 2002, la Berlin 2003. Sijui tusubiri nini tena.

Na huria haina maana ya kutokuwa na mwenyewe. Leseni ya CC BY, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons, inamruhusu msomaji kunakili, kusambaza na hata kutafsiri, kwa sharti la kumtaja mwandishi. Asiyemtaja ameiba, hata kama makala aliipata bila kulipa.

Kuhusu ada: kuweka mswada kwenye hifadhi yetu hakulipiwi, na majarida mengi yaliyoorodheshwa kwenye DOAJ, saraka ya majarida ya ufikiaji huria, hayamtozi mwandishi chochote. Yapo yanayotoza na uhakiki wake ni wa kweli. Yapo pia ya kitapeli: barua inakuita profesa mashuhuri, inakuahidi uhakiki wa siku tatu, na ada inatajwa makala ikishakubaliwa. Kabla ya kutuma chochote huko, lete jina la jarida kwenye dawati la wakutubi. Kulikagua hakutuchukui muda mrefu, na kumtoa mtu kwenye jarida la aina hiyo baada ya kulipa ni kazi ambayo hatujaiweza bado.

Waliorudishiwa makala wasianze upya. Taarifa mlizojaza bado zipo kwenye akaunti zenu chini ya "rasimu". Ondoeni PDF, wekeni mswada, mtume tena.