Insulini haimalizi mtu

Mgonjwa wa kisukari akiambiwa aanze sindano za insulini, nyumbani hunong'onwa: "Basi, imefika mwisho." Mama yuko tayari kumeza vidonge kumi kuliko kuchomwa mara moja.

Hofu hii ina chanzo. Wengi huanzishiwa insulini wakiwa wamechelewa, kidonda cha mguu kimeshaoza au figo zimechoka. Wakifariki, lawama inaiangukia sindano, wakati kilichowaua ni sukari iliyokaa juu miaka mingi.

Insulini si kitu kigeni mwilini. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, huitengeneza kila siku ili kushusha sukari kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho huchoka polepole, na vidonge kama metformini haviwezi kuziba pengo lote. Sindano inarudisha kilichopungua. Nayo haileti uraibu. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, Leonard Thompson, alichomwa insulini akiwa mahututi. Aliishi miaka 13 zaidi.

Sindano yenyewe ni fupi na nyembamba, inaishia chini ya ngozi ya tumbo au paja. Badilisha mahali kila siku, la sivyo panaota uvimbe na dawa hainyonywi vizuri.

Cha kuogopa kweli ni sukari kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla. Hapo mpe anayeweza kumeza vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji, mara moja. Aliyezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.