King'amuzi Ndani ya King'amuzi: Yanayosemwa Mtwara na Yalivyo Kweli

Mvua za msimu zikianza huku Mtwara, mafundi wa mjini huletewa ving'amuzi vizima kabisa. "Shikamoo fundi. Hiki kimekufa, jana mvua imenyesha tu, picha ikaganda." Fundi anakiwasha, kinawaka, picha safi. Kilichotokea jana ni kwamba mawimbi ya setilaiti yalidhoofishwa na mvua hadi saketi ya kusahihisha makosa iliyo ndani ya boksi ikakosa pa kushika. Saketi hiyo nitaiita kisimbuzi, na boksi nitaliacha liitwe king'amuzi kama tulivyozoea. Naandika kuihusu kwa sababu vijana wetu wanaosoma elektroniki wanaingia kwenye fani hii na imani kadhaa zitakazowapotezea muda mwingi.

"Kisimbuzi hukisia kilichopotea."

Hakikisii. Nenda chama cha msingi wakati wa korosho, utazame daftari la karani wa mizani. Wakulima watatu, siku tatu. Wa kwanza kaleta kilo 61, 58 na 64, jumla 183. Wa pili 70, 55 na 49, jumla 174. Wa tatu 52, 66 na 60, jumla 178. Chini ya kila siku napo pana jumla: 183, 179, 173. Sasa tone la maji limeangukia 55, mtu akainakili 85. Mstari wa pili unatoa 204 badala ya 174, na siku ya pili inatoa 209 badala ya 179. Pote pamezidi 30, na mstari huo na safu hiyo vinakutana kwenye namba moja tu. Toa 30, umeipata 55 yako bila kumuuliza mkulima.

Misimbo ya LDPC, yaani kanuni za kuongeza biti za ukaguzi kwenye data ili makosa yasahihishwe, aliyoibuni mhandisi Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina roho hiyohiyo. Badala ya kilo kuna biti, yaani sifuri au moja, na badala ya jumla kuna sharti: katika kila kikundi cha biti, idadi ya biti zenye thamani 1 iwe shufwa. Kila biti imo kwenye vikundi kadhaa. Makosa yakiwa mengi, vikundi hupashana habari duru baada ya duru, kila kimoja kikieleza kinavyoiona biti fulani na kina uhakika kiasi gani. Ila kuna mpaka, na mwanahisabati Claude Shannon aliuthibitisha mwaka 1948: kelele zikizidi kiwango fulani, hakuna kisimbuzi kitakachookoa. Ndiyo maana picha ya dijiti haichakai polepole kama ile ya antena za zamani. Inakuwa safi, safi, halafu inakatika.

"Ukitaka kasi, ongeza kasi ya saa ya chipu."

Saa ya chipu ni mapigo yanayoiongoza hatua kwa hatua. Imani hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, kwa hiyo tupige hesabu. Kiwango cha televisheni ya setilaiti kiitwacho DVB-S2 hutumia fremu, yaani fungu moja la data, ya biti 64,800. Msimbo wake wa nusu kwa nusu (nusu data, nusu ukaguzi) una viunganishi 226,799 kati ya biti na masharti. Chukua prosesa moja ya gigahezi 2 inayoshughulikia kiunganishi kimoja kwa kila pigo la saa. Kwa duru 20 inahitaji mapigo yapatayo milioni 4.5, yaani fremu kama 440 kwa sekunde. Sasa weka prosesa ndogo 360 za megahezi 200 tu. Duru moja inakuwa mapigo 630, duru 20 ni mapigo 12,600, na unapata fremu zaidi ya 15,800 kwa sekunde. Saa imepungua mara kumi, kazi imeongezeka mara 36.

Namba 360 haikuja kwa bahati. Waliotunga kiwango hicho walizipanga biti makundi ya 360 ili prosesa zote zisome mstari mmoja wa kumbukumbu kwa pamoja, mstari uzungushwe mara moja, na kila moja ipate fungu lake bila kugombania mlango. Msimbo na saketi vilibuniwa vikitazamana, na kwangu hilo ndilo somo kubwa la fani hii. 5G nayo hufanya hivyo, kwa makundi yanayofika 384.

"Basi tuweke prosesa kwa kila biti, tumalize."

Walijaribu. Mwaka 2002 wahandisi Blanksby na Howland walionyesha chipu ya namna hiyo kwa msimbo wa biti 1,024: gigabiti 1 kwa sekunde, saa ikiwa megahezi 64 tu. Lakini karibu nusu ya eneo la chipu halikubeba transista, kwa sababu nyaya za kuunganisha kila kitu na kila kitu zilihitaji pa kupita. Kumbe gharama kubwa iko kwenye kusafirisha biti. Kujumlisha ni rahisi.

"Namba ndefu ndiyo usahihi."

Habari ambazo vikundi hupashana, zikiandikwa kwa biti 4 hadi 6, kwa kawaida zinatosha. Hata kanuni ndefu ya hisabati hubadilishwa: chukua uhakika mdogo kuliko wote kikundini, uzidishe kwa robo tatu. Robo tatu ni nusu jumlisha robo, na kugawa kwa mbili kwenye saketi ni kusogeza nyaya nafasi moja.

"Kazi hii si ya Mtwara."

Kutengeneza chipu yenyewe kunahitaji kiwanda, sawa. Kuibuni na kuijaribu kunahitaji kompyuta ya kawaida. Icarus Verilog na Verilator ni programu za bure za kujaribu saketi iliyoandikwa kwa lugha ya Verilog, na zikishapakuliwa hazidai intaneti. Anza na msimbo wa Hamming wa mwaka 1950: biti 4 za ujumbe, 3 za ukaguzi. Chora kwanza kwenye karatasi kila biti inakaa wapi na inasomwa na nani, ndipo uandike. Kisimbuzi chake hupokea biti 7, kwa hiyo pembejeo zote zinazowezekana ni 128. Zijaribu zote.