Redio ya gari inayosikika Kusini: kabla hujalipia kitufe cha SAT

Kaka mmoja aliniletea Jeep iliyotoka Marekani, akataka nimfungulie redio ya setilaiti. Kwenye dashibodi kuna kitufe kimeandikwa SAT. Ukikibonyeza, redio inatafuta, inatafuta, halafu inakwambia hakuna mawimbi. Aliyemuuzia gari alimhakikishia kwamba fundi yeyote ataiwasha kwa dakika tano, na ahadi hiyo ilikuwa imeingizwa kwenye bei. Iliniuma, maana nilijua la kumjibu kabla hajazima injini.

Kitufe kile ni cha SiriusXM. Ni kampuni iliyotokana na Sirius na XM kuungana mwaka 2008, na matangazo yake yanalenga Amerika ya Kaskazini, kwenye masafa ya 2320 hadi 2345 MHz. Huku Mtwara hayafiki. Ubadilishe antena, uongeze busta ya kukuza mawimbi, ulipie kifurushi, bado hutasikia kitu. Kile kibuyu kidogo cheusi juu ya paa kinachofanana na pezi la papa hakina cha kupokea.

Wenye umri mkubwa kidogo huniambia, "Lakini fundi, Afrika tulikuwa nayo." Ni kweli. WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar Oktoba 1998, na ilitumikia bara letu. Lakini redio zake zilikuwa za kukaa nyumbani zaidi, na antena yake ilibidi uielekeze angani ilipo setilaiti. Kampuni ilifilisika mwaka 2008. Ukiona redio yake inauzwa leo, iache hapo hapo.

Basi kinachobaki ni FM, na redio ya intaneti kupitia simu. Ya intaneti ni nzuri mjini. Lakini kumbukeni Mei 2024: kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Mtu aliyekwama njiani na gari la abiria anahitaji redio isiyodai bando. Ndiyo maana nasema hela yako iweke kwenye FM inayopokea vizuri, na hasa kwenye antena.

Sasa tuje kwenye magari yetu, ambayo mengi ni ya Japani. Redio ya Kijapani ya zamani inaishia 90 MHz, kwa sababu FM ya kwao inaanzia 76. Ya kwetu inakwenda mpaka 108. Watu hufungiwa ekspanda, kile kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Ikiwa ni ya kushusha 12, kituo cha 98.0 utakikuta kwenye 86.0. Lakini fanya hesabu: redio inayoishia 90, ukiongeza 12, unapata 102. Vituo vyote vya juu ya hapo vimepotea, na ekspanda za bei ndogo huleta mvumo juu yake. Kama bajeti inaruhusu, badilisha redio nzima.

Unapochagua redio, ingia kwanza kwenye sehemu ya kuchagua eneo. Redio iliyosetiwa kwa Marekani huruka kwa hatua ya 0.2: 92.1, 92.3, 92.5. Kituo cha 92.4 utakisikia kwa kukwaruza tu, ukadhani redio ni mbovu. Ikiwekwa eneo la Ulaya, inatembea kwa hatua ndogo na kukaa juu ya kituo. Wengi hurudisha redio dukani kwa jambo hili la kubonyeza mara mbili. Kipimo nacho kiangalie: tundu la kawaida la redio kubwa lina upana wa milimita 178, la Toyota nyingi ni 200, na ndiyo maana unahitaji fremu za pembeni.

Kuhusu antena nitasema zaidi, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alikuja na Harrier. Alishafungiwa redio mpya ya Android, skrini inang'aa, lakini akitoka mjini kidogo sauti inakatika. Nilivua plastiki ya nguzo ya nyuma. Antena ya gari lile ni nyuzi nyembamba ndani ya kioo, na kuna kibusta kidogo kinachozikuza kabla mawimbi hayajashuka kwenye waya mrefu wa kwenda mbele. Kibusta hicho kinataka umeme wa volti 12. Redio ya mwanzo ilikuwa inaupeleka. Kwenye redio mpya, waya wa bluu wa antena ulikuwa umefungwa tepu na kuachwa unaning'inia. Niliunganisha ule wa bluu na waya wa bluu wa adapta ya antena, nikapima kwa mita: 12.4. Vituo vilivyokuwa mchanga mtupu vikaingia safi. Hakununua kitu chochote.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu redio, pima hapo. Pia angalia ethi ya busta, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Chumvi ya bahari hapa kwetu inakula shaba mpaka inakuwa kijani. Ikwangue, uifunge upya kwenye bati safi.

Nyaya za redio mpya zina rangi zake: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, unaokuja ukiwasha gari, nyeusi ni ethi. Ukizibadilishana njano na nyekundu, redio inasahau vituo kila ukizima gari. Ukizifunga zote kwenye umeme wa kudumu, asubuhi betri haina kitu. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, kulia kijivu. Nyuma kushoto kijani, kulia zambarau. Yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Hizo hasi kamwe usizigusishe kwenye bodi ya gari. Redio za siku hizi zinasukuma sauti kwa pande zote mbili za spika, na ukiipeleka hasi kwenye ethi unaiunguza chipu ya amplifaya. Nyaya za gari lenyewe usiziamini kwa rangi, zipime moja moja. Nilipoanza kazi niliamini rangi, nikaunguza redio ya mteja, nikailipa kwa miezi miwili. Tangu siku hiyo mita haitoki mkononi.

Jambo jingine: baadhi ya redio za Toyota kutoka Japani hujifunga zikikosa umeme, zikaomba kadi ya ramani au namba ya siri. Uliza kama ya kwako ni ya aina hiyo kabla hujachomoa betri, na kadi ile ya SD usiitupe.

Nikimaliza kufunga simkabidhi mteja uwanjani kwangu, ambako hata redio mbovu inapokea. Tunatoka naye mpaka Mikindani, redio iko kwenye Jamii FM ya Naliendele au TBC Taifa, sauti ya wastani, feni ya kiyoyozi imewashwa, taa zimewashwa. Tukiteremka kule kwenye ghuba kilima kinaziba mawimbi, nami nasikiliza kama kuna muungurumo unaopanda na injini. Ukiwepo, tunageuza, narudi kwenye ethi.