Picha za Saratani ya Mirija ya Nyongo: Maswali ya Wagonjwa

Macho yamegeuka manjano, na ultrasaundi inasema mirija ya nyongo imetanuka. Ndiyo saratani?

Bado haijulikani. Mrija mkuu ukipita takriban milimita 6, daktari hushuku kwamba nyongo imezibwa njia, lakini hata jiwe huziba. Saratani hii nayo ni ngumu kuonekana kwa ultrasaundi, maana mara nyingi hutambaa ndani ya ukuta wa mrija bila kuota donge. Faida ya kipimo hiki ni kuonyesha utanukaji unakomea wapi. Hapo ndipo pa kuchunguza.

CT au MRI?

Mara nyingi vyote viwili, CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) na MRI (picha za sumaku), kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. CT huonyesha kama uvimbe umegusa mishipa mikubwa ya damu ya ini, tezi za limfu za jirani au mapafu. Dawa ya kung'arisha picha hudungwa mshipani, kisha picha hupigwa kwa awamu. Saratani hii ina nyuzinyuzi nyingi na hushika dawa polepole, kwa hiyo picha za mwisho, zinazopigwa dakika kadhaa baadaye, zina thamani kubwa na zisirukwe. Mwenye mzio au ugonjwa wa figo aseme kabla ya kudungwa.

MRI ya mirija ya nyongo, iitwayo MRCP, hung'arisha nyongo yenyewe hata bila dawa. Hapa daktari wa upasuaji huona uvimbe umepanda hadi wapi, hasa pale mrija wa kulia na wa kushoto wa ini unapokutana. Zaidi ya nusu ya saratani hizi huanzia hapo.

Nimeambiwa niwekewe stenti, kijibomba cha kuuacha mrija wazi, haraka nyongo ishuke. Picha zisubiri?

Hapana, na hili nalisisitiza. CT na MRCP zitangulie kila inapowezekana. Stenti ikishaingia, mirija iliyotanuka hunywea, ukuta wake huvimba kwa kukwaruzwa, na mpaka wa saratani hupotea machoni. Mtu aliyefaa kufanyiwa upasuaji anaweza kupimwa vibaya kwa sababu hiyo tu. Muulize daktari waziwazi: "Picha zote zimekamilika?" Ila ukiwa na homa na kutetemeka, huenda nyongo imeingiwa na maambukizi. Hapo kuitoa ni dharura, wala usichelewe.

Picha ikionyesha mrija umebana, basi saratani imethibitika?

La. Kuna uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili unaofanana nayo kabisa, na huo hutibiwa kwa dawa. Ndiyo maana seli hukwanguliwa kwa brashi kupitia endoskopia (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni), kipimo ambacho wakati mwingine huchokoza kongosho. Majibu yakirudi safi, saratani haijaondolewa kwenye orodha, kwani brashi huikosa mara nyingi. Picha zikiendelea kutia shaka, kipimo hurudiwa, au timu ya madaktari huamua kupasua bila kusubiri uthibitisho wa seli.