Egeskov: Jumba la Ziwani na Mashamba Yaliyolilisha

Katika kisiwa cha Fyn nchini Denmark, karibu na kijiji cha Kværndrup, limesimama katikati ya ziwa dogo jumba la matofali mekundu liitwalo Egeskov. Ujenzi wake ulikamilika mwaka 1554, na hadi leo linahesabiwa miongoni mwa majumba ya majini yaliyohifadhiwa vizuri zaidi barani Ulaya. Wageni wengi hustaajabia minara yake, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi tunaoshughulika na historia ya majengo ya kale tungependa mashamba yanayolizunguka yatazamwe pia, kwa sababu ndiyo yaliyoligharimia.

Mjenzi wake, Frands Brockenhuus, alikuwa kabaila aliyeipata milki hiyo kwa njia ya mkewe, Anne Tinhuus. Hakujenga majini kwa ajili ya kupendezesha mandhari. Kati ya 1534 na 1536 Denmark ilikuwa imepita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vinavyokumbukwa kwa jina la Grevens Fejde, ambamo wakulima na watu wa mijini waliwainukia makabaila na kuyatia moto majumba yao mengi. Makabaila walishinda, lakini hofu haikuwatoka.

Hofu hiyo inasomeka katika kila pembe ya jengo. Magogo ya mwaloni yalipigiliwa katika matope ya ziwa ili yabebe msingi, na juu yake zikajengwa nyumba mbili ndefu zilizobanana, zikitenganishwa na ukuta wenye unene wa zaidi ya mita moja. Ndani ya ukuta huo mlifichwa ngazi na kisima, ili adui akiiteka nyumba moja, wenyeji wahamie ya pili na kuendelea kupigana bila kukosa maji ya kunywa. Kulikuwa na daraja la kuinuliwa, matundu ya kufyatulia bunduki, na mianya ya kuwamwagia washambuliaji maji ya moto. Kwa maoni yangu, ngome ya namna hii haikukusudiwa kuzuia jeshi kamili lenye mizinga mikubwa, bali umati wa watu wenye hasira, na umati huo ungetoka vijiji vya jirani.

Brockenhuus mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1569, wakati wa kuzingirwa kwa ngome ya Varberg, ambayo leo iko Sweden. Mwanawe Laurids ndiye aliyeligeuza jumba kuwa gereza. Binti yake Rigborg, aliyekuwa akihudumu katika nyumba ya kifalme, alizaa mtoto nje ya ndoa mwaka 1599 na kijana wa kikabaila, Frederik Rosenkrantz. Akahukumiwa kufungiwa na baba yake, naye akamweka katika chumba kimoja cha Egeskov mpaka mzee huyo alipofariki mwaka 1604.

Watu wa vijijini walibanwa kwa njia nyingine. Mkulima wa Denmark kwa kawaida hakumiliki shamba alilolima: alilipa ada ya kuingia, kila mwaka akatoa nafaka au mazao mengine, na juu ya hayo akawajibika kwenda kufanya kazi bila ujira katika mashamba ya bwana, mara nyingi katika siku zilezile ambazo mavuno yake mwenyewe yalikuwa yakimngoja. Mwaka 1733, bei ya nafaka ikiwa imeshuka na jeshi likihitaji askari, serikali ilitoa sheria iliyowakataza wanaume wa vijijini kuhama milki walikozaliwa. Mwenye ardhi ndiye aliyechagua nani aende jeshini. Baadaye sheria hiyo ilipanuliwa hata ikawashika wavulana wa miaka minne na wanaume wa miaka arobaini. Ilianza kufutwa mwaka 1788 na ikamalizika kabisa mwaka 1800. Wakulima wengi wakaanza kununua mashamba yao, ingawa wenye vibanda na vijishamba vidogo, ambao vitabu vya historia huwapita haraka, waliendelea kudaiwa kazi kwa miaka mingi.

Egeskov iliuzwa mwaka 1784 kwa Henrik Bille-Brahe, na tangu 1882 imekuwa mikononi mwa ukoo wa Ahlefeldt-Laurvig-Bille. Wakati huo nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilikuwa ikiwalazimisha wakulima wa Denmark kugeukia siagi na nyama ya nguruwe, na mwaka huohuo wa 1882 chama cha kwanza cha ushirika wa maziwa nchini humo kilianzishwa katika kijiji cha Hjedding, magharibi mwa rasi ya Jutland. Wamiliki wapya wa Egeskov nao walifuata wakati: milki ikapata kiwanda chake cha maziwa, umeme na tawi la reli, huku mbunifu wa Kiswidi Helgo Zettervall akilikarabati jumba.

Bustani zilifunguliwa kwa umma katika miaka ya 1960, na sasa pana pia makumbusho ya magari ya zamani katika majengo ya shamba. Chini ya paa la mnara mmoja amelazwa mwanasesere wa mbao ambaye, kwa imani ya wenyeji, akiondolewa mahali pake jumba litazama ziwani usiku wa Krismasi. Waelekezaji hupenda sana kisa hicho. Anayetaka historia ya mahali hapa atapata mengi zaidi akianzia nje ya daraja, kwenye mazizi na maghala, kabla ya kuingia kutazama vyumba vya mabwana.