Bei ya kitabu pepe haipangwi na duka

Msomaji akikuta riwaya ya miaka ya 1980 ikiuzwa ghali zaidi kwa toleo pepe kuliko la karatasi, huilaumu Amazon kwa tamaa. Hapo anamlaumu asiyehusika.

Kabla ya 2010, Amazon ilinunua kwa jumla na kuuza vitabu pepe vingi vipya kwa dola 9.99, hata kwa hasara. Apple ilipoleta iPad na duka lake la vitabu pepe, wachapishaji watano wakubwa walihamia mfumo wa uwakala: mchapishaji anapanga bei, duka linachukua asilimia 30. Serikali ya Marekani iliwashtaki Apple na wachapishaji hao mwaka 2012 kwa kula njama ya kupandisha bei. Wachapishaji walikubali kupatana, Apple ikashindwa kesi mwaka 2013. Ila kilichoharamishwa ni njama, si uwakala wenyewe, nao ulirudi baadaye. Ndiyo maana chini ya bei ya vitabu vingi vya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe, kuna maandishi madogo yanayomtaja mchapishaji kuwa muuzaji aliyepanga bei. Huko Marekani, kitabu cha karatasi duka linaweza kukipunguzia bei litakavyo.

Kwa vitabu vya zamani inauma zaidi. Karatasi hushindana na mitumba. Kitabu pepe hakina mtumba, kwani unachonunua ni leseni ya kusoma, huwezi kuiuza tena. Na kazi yenyewe ni kuskani mara moja na kusahihisha, ambako mara nyingi hufanywa ovyo: maneno yameungana, aya zimekatika katikati. Kutoza bei ya kitabu kipya kwa kazi hiyo ni kumwonea msomaji, na anayestahili kuulizwa ni mchapishaji.